Barua ya Wazi kwa Kamati za Harambee za Kihanga: Mgeni Rasmi na Daftari la Ahadi

Mgeni rasmi ni mtu anayealikwa kwenye harambee kwa sababu anajulikana na kila mtu. Hapo neno "mgeni" linaanza kuyumba. Katika kata ya Kihanga, wilayani Karagwe, mgeni rasmi kwa kawaida ni mwenyeji: amezaliwa kitongoji cha pili, migomba ya baba yake inaonekana kutoka mlangoni pa kanisa, na bibi mmoja kati ya waliokaa mbele bado anamwita kwa jina la utotoni. Ugeni wake ni wa siku moja. Unaanza gari linapoingia uwanjani, saa mbili baada ya muda ulioandikwa kwenye kadi, na unakwisha akishataja kiasi.

Wanaoandikiwa barua hii ni wajumbe wa kamati za ujenzi na za harambee katika parokia, sharika na misikiti ya Kihanga. Wao ndio wanaomwalika mgeni huyo, na wao ndio wanaotunza daftari ambamo huacha jina lake. Shida iko kwenye daftari. Lakini kabla ya kulifungua inafaa kutazama namna utoaji ulivyokuwa, na unavyoendelea kuwa, mahali ambapo hakuna kipaza sauti.

Ukarimu wa Karagwe una kumbukumbu ndefu kuliko makanisa yake. Mwezi Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia katika himaya ya Omukama Rumanyika wakitafuta chanzo cha Mto Naili. Njia nzima kutoka pwani walikuwa wamelipa hongo kwa kila mtawala, nguo kwa nguo na shanga kwa shanga, huku wakinung'unika. Karagwe walipokewa kwa chakula na mazungumzo, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 Speke alimsifu mwenyeji wake kuliko karibu watawala wote aliokutana nao. Alipoondoka kuelekea Buganda, mwanzoni mwa 1862, Grant alibaki nyuma miezi kadhaa akiuguza mguu kwa hisani ya Omukama. Upande wa wageni kumbukumbu haipendezi sana: Speke alitoa utepe, akampima unene mmoja wa wanawake wa nyumba ya kifalme walionenepeshwa kwa maziwa, akaviandika vipimo kitabuni ili Waingereza wasome. Mgeni kunufaika na ukarimu wa Karagwe kisha kwenda kuutangaza kwa manufaa yake mwenyewe ni habari ya zamani.

Kwenye nyumba za kawaida ukarimu huo ulikaa, na bado unakaa, katika kahawa ya kutafuna. Buni huchumwa zikiwa hazijaiva sana, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, kisha humiminwa kwenye kiganja cha mgeni kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Punje za kahawa zilitumika hata katika kuchanjiana udugu: wawili waligawana mbegu pacha za tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake ikiwa imeguswa damu. Hakuna aliyewahi kusimama katikati ya sebule na kutangaza idadi ya punje alizomtilia mgeni wake. Angefanya hivyo, mgeni angezirudisha.

Penye msiba kuna chombo kingine, chama cha kuzikana. Kijiji chochote cha Kagera kina chama cha namna hii, mara nyingi zaidi ya kimoja, na vile vya wanawake hupenda kujiita Bujuni, kutokana na neno la Kihaya na Kinyambo lenye maana ya kusaidia au kuokoa. Mtu akifa, kaya wanachama hupeleka kilichokubaliwa, yaani ndizi, maharage, kuni, maji na fedha kidogo. Wanawake hupika, wanaume huchimba kaburi, katibu huandika. Asiyefika hutozwa faini, na faini hulipwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba siku yake ipo. Wachumi wa mbali wamevutiwa sana na jambo hili. Mwaka 2000 kaya zote 119 za kijiji cha Nyakatoke, upande wa Bukoba, ziliulizwa moja moja zinamtegemea nani wakati wa shida, na ramani iliyopatikana imekuwa ikijadiliwa katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani tangu hapo. Maprofesa wengi ambao hawatafika Kagera maisha yao yote wanaifahamu Nyakatoke kuliko watu wengi wa Dodoma.

Cha kukumbuka kuhusu chama cha kuzikana ni daftari lake. Linaandika kilicholetwa, na pembeni yake kile ambacho hakikuletwa. Halina safu ya tatu.

Harambee ilikuja na safu ya tatu, ya ahadi. Neno lenyewe lilivuka mpaka likitokea Kenya, ambako Jomo Kenyatta alilifanya wito wa taifa mwaka 1963, likiwa na maana ya kuvuta kwa pamoja. Tanzania nayo ilikuwa na maneno yake ya kazi hiyo hiyo, kujitolea na baadaye kujitegemea, ambayo yalihitaji jembe, tofali na mgongo. Harambee ilihitaji viti, turubai, jenereta na mshereheshaji. Haikuchukua muda mrefu kuonekana ipi inavutia zaidi Jumapili mchana.

Ratiba ya harambee inafahamika kama ibada yenyewe. Kwaya humwimbia mgeni rasmi wimbo uliotungwa juzi, jina lake likiingizwa mahali palipokuwa na jina la mgeni wa mwaka jana. Katibu husoma risala: jengo lilianza mwaka gani, limefika kwenye lenta au kwenye kenchi, bati ngapi zimepungua, na mwishoni sentensi isiyobadilika ya kumwomba mheshimiwa awaunge mkono. Mheshimiwa hujibu kwamba yeye si tajiri ila ana marafiki. Marafiki husimama mmoja mmoja na kupunga mkono. Kisha huanza utoaji kwa ngazi: meza kuu, walioambatana na meza kuu, viongozi wa kata, taasisi, jumuiya, na mwisho kabisa, wakati jua limeshaelekea Rwanda na watoto wamelala juu ya kanga, waumini wa kawaida.

Katikati ya haya kuna mnada, na mnada ndio sehemu ya harambee inayostahili kutunzwa. Vitu vilivyotolewa asubuhi wakati wa sadaka huletwa mbele: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, debe la maharage, nanasi, yai. Yai hasa. Mama mmoja amelileta limefungwa kwenye kitambaa kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Yai hununuliwa kwa shilingi 1,000, mnunuzi analirudisha mezani, linanunuliwa kwa 2,000, linarudishwa tena, na linaweza kwenda hivyo mpaka limenunua mfuko mzima wa saruji bila kupasuka. Fedha hutolewa papo hapo. Watu hucheka. Mwenye yai hukaa kimya akitazama thamani ya kitu chake ikipanda kuliko kahawa ilivyowahi kupanda. Hakuna wakati mwingine kanisani ambapo mdogo na mkubwa hushika kitu kimoja kwa zamu.

Baada ya mnada mhasibu hufanya hesabu, na hapo ndipo kosa la harambee lilipo. Husimama na kutangaza: taslimu kiasi fulani, ahadi kiasi fulani, jumla kuu kiasi fulani. Vigelegele hupigwa kwa jumla kuu. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi ya Kihanga humkataza mtoto kujumlisha maembe na machungwa, lakini kamati zenye walimu wastaafu ndani yake hujumlisha fedha na maneno kila mwaka, kisha hutia saini. Jumla hiyo huingia kwenye taarifa ya dekania au ya jimbo. Mafundi huitwa kwa jumla hiyo, na kuta husimama bila paa kwa sababu ya jumla hiyo hiyo.

Ahadi zenyewe hazifanani. Ya mkulima na ya mheshimiwa huandikwa kwa kalamu moja katika safu moja, lakini huishi maisha tofauti kabisa. Mkulima ameahidi 50,000 kwa sababu jumuiya yake ilipangiwa, na kwa sababu mwenyekiti wa jumuiya ni jirani anayepita mbele ya nyumba yake kila siku. Ahadi hutolewa mwezi Februari au Machi, wakati kahawa iko mtini ikiwa kijani. Mavuno bado miezi kadhaa, na mwenyekiti anapita. Mkulima huuza butura: humpa mwenye fedha haki ya kuvuna mibuni fulani kwa bei ya sehemu tu ya ile atakayoikuta kwenye chama cha msingi msimu ukifunguliwa. Serikali imeukataza mtindo huo, vyama vya ushirika vinaulalamikia, na kila mwenye akili Karagwe anajua kwamba ni njia ya kubaki maskini. Lakini ahadi ya kanisa hulipwa. Kwenye daftari la wanajumuiya alama za vema ni nyingi.

Mheshimiwa ameahidi bati 100. Hana jumuiya inayopita mbele ya nyumba yake, kwa kuwa nyumba yake iko Dodoma au Dar es Salaam. Anayeweza kumkumbusha ni kamati, na kamati inaona aibu, kwa hoja ambayo imesikika mara nyingi: akidaiwa hatakuja tena. Hoja hii inafaa kutazamwa kwa utulivu. Ikiwa hajaleta bati, kinachoogopwa kupotea ni hotuba ya pili.

Bati zinapofika zina historia yake pia. Mwaka 2009 Bunge lilipitisha sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ambao fedha zake hutoka hazina na kamati yake huongozwa na mbunge. Fedha za mfuko huo ni kodi, ikiwemo ya sukari na mafuta ya taa yanayonunuliwa kwenye maduka ya Kihanga. Si kosa la sheria kwamba mchango wa mfuko ukishapakiwa kwenye gari na kupokewa kwa kwaya, huanza kuitwa msaada wa mheshimiwa. Hilo ni kosa la mshereheshaji, na wakati mwingine la katibu aliyeandika barua ya shukrani kwa jina la mtu mmoja.

Sheria za Tanzania ziliwahi kujaribu kutenganisha ukarimu na rushwa, na matokeo yake yanafundisha. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa ili kitendo cha mgombea kinachofanyika kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila kisihesabiwe kuwa rushwa. Wananchi walikiita takrima, neno zuri lenye asili ya Kiarabu ambalo hapo awali lilikuwa na maana ya heshima anayofanyiwa mgeni. Ghafla mgombea alikuwa mwenyeji wa nchi nzima: pilau, khanga, soda, mishikaki. Mashirika matatu ya wanasheria na watetezi wa haki yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu waliamua kwamba vifungu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa mgombea maskini hawezi kushindana na mwenye sufuria kubwa na kwa kuwa mpaka kati ya takrima na rushwa hauonekani. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka ukomo wa matumizi. Takrima ilifutwa kwenye vitabu vya sheria. Ilichofanya ni kubadili siku, ikahama kutoka Jumamosi ya mkutano wa kampeni kwenda Jumapili ya harambee, ambako hakuna anayeita chochote rushwa kwa sababu kuna msalaba ukutani. Mwezi wa Ramadhani imejifunza pia njia ya kwenda kufuturisha, ikiwa na mpiga picha.

Majira yake hayahitaji utafiti. Chaguzi mbili zilizopita za serikali za mitaa zilifanyika Novemba, ya 2019 tarehe 24 na ya 2024 tarehe 27. Novemba Kagera ni mwezi wa senene. Wadudu hao huja usiku kwa wingi, huvutwa na taa kali, huanguka kwenye mabati yaliyosimamishwa kuwategea, na kabla ya Krismasi wamekwisha. Watia nia nao huja kwa wingi na huvutwa na mwanga. Tofauti ni kwamba senene huacha kitu cha kukaanga.

Isingekuwa haki kusema kwamba dini zenyewe hazina mafundisho juu ya jambo hili. Injili ya Mathayo, sura ya 6, inawataja wanaopigiwa tarumbeta wanapotoa sadaka, na haiwasifu. Qurani, katika Sura ya Al-Baqara, inaikubali sadaka ya wazi lakini inaiweka ile ya siri mbele zaidi. Maandiko hayo husomwa Kihanga kila mwaka yanapofika zamu yake, wakati mwingine asubuhi ya siku ile ile ya harambee, na kipaza sauti kilichoyasoma ndicho hukabidhiwa mshereheshaji mchana. Viongozi wa dini wa hapa nao si watu wa kunyamaza. Waraka wa Kwaresima wa maaskofu Katoliki na ule wa Pasaka wa maaskofu wa Kilutheri wa KKKT, zote za mwaka 2018, ziliikosoa siasa ya nchi waziwazi kiasi cha kuwakasirisha wenye madaraka. Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, iliyoanza 1979, ina askofu, Benson Bagonza, ambaye maandishi yake husomwa nchi nzima. Jimbo Katoliki la Kayanga, lililozaliwa 2008, nalo lina mapadri wasioogopa mimbari. Ni rahisi hata hivyo kumwandikia Rais waraka kuliko kumwandikia diwani barua ya kumkumbusha mifuko 20 ya saruji. Rais haketi meza kuu ya Kihanga.

Jirani Kenya, nyumbani kwa neno harambee, wameanza kulionea haya. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa la Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia waumini ibadani. Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mchango katika parokia moja ya Kikatoliki jijini Nairobi kwa ajili ya kwaya na nyumba ya padri. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo, shilingi milioni 2.6 za Kenya, zingerudishwa, na kwamba kiasi kilichoahidiwa nyongeza kisingepokelewa. Kihanga haiombwi kurudisha kitu. Kwa ahadi nyingi zilizomo daftarini hakuna cha kurudisha.

Wala wasiwasi juu ya hesabu za hisani si dharau kwa wanakamati. Kagera ina sababu yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliupiga mkoa, likaua watu 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, hasa Bukoba na Missenyi. Nchi nzima ilichanga. Kabla mwezi haujaisha, uteuzi wa maofisa wakubwa wa mkoa ulitenguliwa kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Miezi michache baadaye waathirika waliambiwa na Rais wa wakati huo, John Magufuli, kwamba serikali haitamjengea mtu nyumba. Tangu hapo, mtu wa Kagera anapoambiwa "jumla kuu" huwa na haki ya kuuliza iko wapi.

Miaka zaidi ya ishirini kabla ya tetemeko kulikuwa na somo jingine. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Mto Kagera kwa maelfu, na makambi kama Chabalisa yakafunguliwa wilayani Karagwe. Magari meupe ya wahisani yalijaa barabarani, na watu wa hapa wakajifunza kwa mara ya kwanza kwamba hisani inaweza kuwa na bendera, nembo na stakabadhi nakala tatu. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa na magari yakaondoka. Lakini kabla turubai la kwanza halijafika, kaya za vijiji vya mpakani zilikuwa zimekwisha kuwapa waliovuka ndizi, maji na mahali pa kulala. Hilo halikuandikwa kwenye daftari lolote, na kwa hiyo halimo katika jumla yoyote.

Kinachoombwa kwa kamati ni kidogo, na hakihitaji fedha. Mgeni rasmi aendelee kualikwa, kwaya iimbe, na yai lizunguke. Ila mhasibu atangaze taslimu peke yake na kukaa chini. Ahadi ziandikwe kwenye ukurasa wake, na karibu na kila ahadi iwekwe tarehe ambayo mtoaji mwenyewe ataitaja mbele za watu, kama anavyotaja kiasi. Mkulima aruhusiwe kutaja tarehe iliyo baada ya mavuno ya kahawa, ili asiuze butura kwa ajili ya paa la nyumba ya Mungu. Bati za mfuko wa jimbo zipokelewe kwa jina la mfuko wa jimbo. Harambee inayofuata ikifunguliwa, kabla ya risala, katibu asome orodha ya mwaka uliopita, waliolipa tu, kwa kufuata tarehe ya malipo na bila kufuata ukubwa wa kiasi. Wasiolipa wasitajwe, watasikika kwa kutosikika.

Orodha ikisomwa hivyo, jina la kwanza litakuwa la yule mama wa yai, aliyelipa saa mbili asubuhi kabla hata viti havijapangwa. Jina la mgeni rasmi litafuata mahali pake, kulingana na siku bati zilipofika.